Msomaji Hatangulii

Tarehe 4 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Habari za Mama nimezisoma mara mbili, mara ya pili nimesoma nimesimama maana kukaa kulinishinda. Pole sana. Najua neno hilo ni jepesi kwako wewe unayemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, na mimi niko huku nashughulika na vifungo. Nitakuja likizo ikitoka. Usinicheke, nimesema ikitoka.

Sasa nisikilize, kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima na huku sina wa kumwambia.

Unajua kazi yangu ilivyo. Chumba chetu ni cha kumalizia. Makoti na mashati ya hospitali yakishashonwa kwa cherehani kule chini, yanaletwa juu kwetu. Sisi wanawake kumi na wanne tunatia vifungo kwa mkono, tunakata nyuzi zilizobaki, tunakunja. Hakuna kelele, ndiyo maana chumba kina desturi yake tangu zamani: mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wanagawana kapu lake la kazi. Huu ni mwaka wangu wa tatu kusoma. Wananiita Redio. Na kuna sheria moja ambayo Mkata Nyuzi, mkubwa wetu wa chumba, hataki mchezo nayo: msomaji hatangulii. Kitabu kinalala kwenye kabati la vifungo na ufunguo anao yeye. Haiwezekani mimi nijue ya kesho na wenzangu wasijue. Aliyekuwa akisoma kabla yangu alichungulia mwisho wa hadithi, sauti ikamsaliti, wakamrudisha kwenye kapu siku hiyohiyo.

Tunasoma kimoja chenye jalada la kijani. Kuna nyumba kubwa, kuna mama mwenye nyumba, kuna binti wa kazi aliyeletwa akiwa mdogo. Huyo mama anachukiza, dada. Hapigi wala hatukani. Anamwita binti "mwanangu" huku anamkatia sabuni vipande, chako hiki, kikiisha utajua mwenyewe. Wenzangu wanamtemea mate kabisa, Mkata Nyuzi ana kopo lake chini ya kiti. Na mimi nasoma kwa madoido, najua pa kushusha sauti, nataka wateme zaidi.

Jumanne nikafika mahali ambapo yule binti ana kikombe chake cha bati. Kinatundikwa nje kwenye msumari, karibu na bomba, kisichanganyike na vya ndani.

Nikasoma "msumari" mara mbili. Walidhani neno limenishinda.

Msumari wetu ulikuwa kushoto mwa bomba. Kikombe cha buluu, mdomo umebanduka rangi. Nilikipita kila siku miaka yote ambayo Upesi alikaa kwetu, sikuwahi kukiona kama kitu cha kuonwa. Alikuwa ananizidi miaka miwili na alikuwa ananiita dada. Hata hilo jina, Mama alimbandika kwa vile ndivyo alivyokuwa akimpigia kelele akimtuma, sisi tukalidaka, tukaona utani mzuri.

Wenzangu waliendelea kumtukana mama wa kitabuni, nami nikaitikia nao. Nilikuwa nawasomea nyumbani kwetu na hakuna aliyejua. Najitia kinyaa.

Mdogo wako,
Redio


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma kwenye korido ya shule, nami nimesimama, ila mimi nilisimama kwa sababu kiti cha mwalimu mkuu kilikuwa kimechukuliwa kwa mkutano wa wazazi. Naona kitabu kimekupanda kichwani. Mama yako mzazi anajikojolea, wewe unamlilia mtu wa kwenye karatasi.

Umesema kinyaa. Ngoja nikupe kinyaa. Saa kumi na moja alfajiri namgeuza Mama. Namfuta, nabandua shuka lililogandamana na mgongo, naosha kidonda, na kila siku nafika mahali naweka kitambaa chini na kutapika kwenye ndoo. Kisha naoga, nakwenda kusimama mbele ya watoto mia nne kuwaambia habari za usafi, na harufu iko kwenye kucha zangu. Mama yetu ananuka. Nimeandika, usishtuke. Nampenda na ananitia kinyaa, yote mawili kabla jua halijatoka. Wasaidizi watatu wameshaondoka. Wa mwisho alitemewa uji usoni, akavua aproni palepale, akanikabidhi bila neno.

Maneno yamempotea, unajua kiharusi. Lililobaki ni jina la Upesi. Anaita kutwa, macho mlangoni. Nami nikafikiri, kwa nini isiwe? Alikaa kwetu miaka kumi na mmoja, alikuwa ndiye anayemkanda miguu. Nasikia anapika kwenye kantini ya gereji ya malori, hukohuko uliko. Nenda ukamwone. Usiende na majuto, nenda na ombi. Chumba cha ndani, kile chenye dirisha, ni chake akikubali.

Na habari ya kikombe, kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na kikombe kwenye msumari. Upesi alikula, alivaa, aliugua akatibiwa. Usimgeuze Mama kuwa mtu wa hadithi. Wa hadithi unafunga kitabu ukaenda kulala, huyu wangu ananisubiri hapa chumba cha pili.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada, shikamoo.

Nimekwenda. Kantini iko nyuma kabisa ya gereji, unapita katikati ya matairi na madimbwi ya oili. Ndani ni pasafi mpaka unaona aibu kukanyaga. Ana masufuria makubwa sita, ana wasichana wawili chini yake, na madereva wenye shingo nene wanamwambia "Mama, niongezee supu" kwa sauti ya watoto wa shule. Amenenepa vizuri. Miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Juu ya kopo la chumvi kuna rafu, na juu ya rafu kuna vitabu vitatu, vimechakaa kwa kusomwa. Nikashangaa kwamba Upesi anasoma vitabu, kisha nikajichukia kwa kushangaa.

Alinifutia kiti kwa aproni yake. Hakuna aliyemwambia anifutie kiti. Aliponiita "dada" nilitamani ardhi inimeze, mwanamke mzima ananizidi umri na ana watu wake.

Ombi lako sikuliweza. Nilijaribu mara mbili, mara mbili nikauliza habari ya bei ya viazi. Lakini nilikuwa nimemnunulia kitabu chetu cha kijani, kipya dukani, nikamwachia. Nilikunja ncha ya ukurasa wa kikombe. Nikamwambia, "Sisi kazini tuko katikati tu, ila wewe kisome, utaona." Nilitaka afike pale ajue kwamba na mimi najua. Kusema kwa mdomo wangu nilishindwa, nikaona kitabu kinisemee.

Aliponimiminia chai nilitaka kumwambia habari ya ile barua. Unaikumbuka? Aliyonipa nikamtumie mama yake. Ilinifika hapa kwenye ulimi, nikaimeza na chai yake.

Mdogo wako,
Redio


Tarehe 7 Aprili

Mdogo wangu,

Ile barua iache ilipo.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulipewa barua uiposti, ukaifungua, ukatusomea mezani, tukacheka, Mama akaiwashia jiko. Basi. Watoto wanafanya mabaya kuliko hayo, mimi ninao mia nne, najua. Kama Upesi hajauliza miaka yote hii basi ameshasahau, na wewe unataka kumkumbusha ili ulale vizuri.

Nimemwandikia mwenyewe. Maana wewe nimekutuma ombi, umepeleka kitabu.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Dada, salamu.

Kitabu nimekimaliza siku sita. Nasoma mchana madereva wakishaondoka.

Sitakuficha, nilipofika mwisho nilikitupa chini ya meza. Barua ya Mwalimu, dada yako, ilikuwa imenifikia wiki hiyohiyo, ananiomba nikamuuguze Mama yenu. Na kitabu chako nacho mwisho wake binti anarudi kwenye ile nyumba, anamuuguza yule mama, anamsamehe, wanashikana mikono na wanalia. Nikasema, watu hawa hawana haya. Mmoja anaandika, mwingine analeta mfano wa kufuata. Hata kuomba wanaombea kwenye kitabu. Nilichukia mpaka supu ya siku ile niliitia chumvi mara mbili.

Ulikunja ukurasa wa kikombe. Nadhani ulitaka nilie hapo. Mimi kikombe kile nilikipenda. Katika nyumba ile yote ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyekigusa isipokuwa mimi. Ungenikunjia ukurasa mwingine.

Ukurasa wangu ni ule ambapo mama wa binti anatembea siku tatu, anafika getini, wanamwambia binti hayupo. Pale niliacha kusoma siku nzima. Kwa sababu mama yake alikuja. Wangu hakuja. Utakumbuka nilikupa barua, nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulinirudishia jibu kwamba umeitumbukiza kwenye sanduku la posta kwa mkono wako mwenyewe, na nikakubusu mkono. Nilikuwa nimemwandikia mama aje anichukue. Niliangalia mlango mwaka mzima. Hakuja, hakujibu, hata salamu kwa mtu hakutuma. Nilipokuwa na kumi na saba akafa. Mama yenu alinipa ruhusa, nikamwambia nina nguo za kufua. Sikwenda kumzika mtu aliyenitupa, na mpaka leo sijakanyaga kwetu.

Basi nimekiokota kitabu na nimefikiri. Mama yenu alinitumikisha, sikatai, lakini hakunitupa. Nikiugua alikuja mlangoni kuuliza. Aliyenitupa ni wangu. Kama kuna mtu wa kumfuta mgongo kabla hajafa, kwangu mimi ni huyo tu.

Nitakwenda. Kantini namwachia msichana wangu mkubwa, gereji wamesema nikiondoka nafasi hainingoji. Naanza tarehe 3 Mei. Mwambie Mwalimu aninunulie sabuni ya mche na pamba nyingi.

Upesi


Tarehe 25 Aprili

Dada,

Shikamoo yako nitakupa siku nyingine.

Jana tumemaliza kitabu. Ni kweli, binti anarudi na anasamehe. Mimi sikujua! Nilimpelekea kitabu ambacho mimi mwenyewe sikujua kinakwenda wapi, kwa sababu ya ufunguo wa kabati la vifungo. Kurasa kumi za mwisho nilizisoma sauti inatetemeka na wenzangu wakadhani ni ufundi. Walilia wote kumi na watatu. Mkata Nyuzi, aliyemtemea yule mama miezi miwili, alifuta macho kwa koti la daktari akasema, "Kumbe alikuwa na moyo." Wakakibusu kitabu, kikapita mkono kwa mkono. Nilikwenda chooni nikatapika. Nilitapika ule mwisho mtamu.

Upesi anakuja kwako. Anaacha masufuria yake sita, anaacha watu wanaomwita Mama, kwa sababu anaamini mama yake alimtupa. Umesoma vizuri? Alikuwa anangoja jibu la barua ambayo sisi tuliwashia jiko. Hakwenda hata mazishini. Na mimi nilimdanganya usoni, akanibusu mkono.

Nikinyamaza, Mama anapata mtu wa kumfuta. Nikisema, hampati. Nimeligeuza siku sita na halina upande wa tatu. Niambie wewe uliye mkubwa kwamba nimwambie.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Amefika Jumapili. Aliingia, akafungua madirisha yote, akanitoa chumbani. Mama alipomwona alicheka kwa upande wa uso unaofanya kazi. Siku ya tatu leo kidonda kimeanza kukauka. Nyumba inanuka sabuni. Jana nimelala saa saba mfululizo, nilipoamka nilidhani nimekufa.

Wanakaa pamoja mchana. Anamsomea, unajua? Anasoma kwa miwani yake na Mama anasikiliza, ametulia. Jana nilimsikia Upesi anaimba.

Sasa ukimwambia utakuwa umemfanyia nini? Umeshampokonya mama mmoja, unataka kumpokonya na wa pili. Mamake amekufa, barua haiwezi kumfufua. Na kama ni mzigo, si wako peke yako. Pale mezani aliyeanza kucheka ni mimi. Nakumbuka vizuri, wewe ulinitazama kwanza uone kama inachekesha, mimi nikacheka. Basi tuubebe wawili, kimya.

Nakuomba kama dada yako, na sijawahi kukuomba kitu. Nyamaza.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Upesi, shikamoo.

Nilitakiwa kukuamkia tangu zamani.

Bahasha hii nimempa dereva mmoja wa gereji anayepita huko akupe mkononi, asimpe Mwalimu. Kaa chini kabla hujaendelea.

Barua yako sikuiposti. Ulinipa siku ya Ijumaa, nikaiweka ndani ya daftari la hesabu. Nilitaka kujua umeandika nini, maana sikujua kama unaweza kuandika, nikaifungua kwa mvuke wa birika. Jioni Mama alikutuma kiberiti dukani. Ulipotoka nikasema, "Sikieni hii," nikaanza kuwasomea Mama na Dada mezani, haraka kabla hujarudi. Niliigiza sauti yako. Walicheka, nami nikazidisha. Mama alisema, "Huyu mtoto ana sauti, atafika mbali." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusifiwa kwa kusoma, na ndiyo hiyo sauti inayonilisha mpaka leo.

Ulirudi ukatukuta tunacheka, ukacheka na wewe. Hukujua tunacheka nini, ukacheka ili uwe pamoja nasi. Ukampa Mama kiberiti, naye akaiwasha jikoni barua yako mbele yako, ukadhani ni karatasi tu. Kesho yake ulipouliza nikakwambia nimeitumbukiza.

Mama yako hakukutupa. Hakupata barua. Hakujua kwamba ulimwita.

Kitabu nilikuletea bila kujua mwisho wake. Hilo ni kweli, ingawa sina haki ya kuaminiwa. Nilitaka ukisome ufike kwenye kikombe, unionee huruma kwa kuwa nimeona aibu. Nililia kwa ajili ya msichana wa kitabuni miezi miwili kabla ya kukulilia wewe. Ndivyo nilivyo, na nikijiangalia nataka kujitemea mate.

Sikuombi kitu. Fanya utakavyoona.

Mimi


Tarehe 9 Juni

Wewe,

Niko kwetu. Barua yako niliisoma nikiwa na beseni mkononi.

Sikuondoka siku ileile. Nilikaa mpaka Ijumaa, kwa sababu mtu haachwi kwenye mkojo hata awe nani. Nilimwosha mama yako, nikamkata kucha, nikambadilisha shuka, na muda wote sikumtazama usoni. Mikono yangu ilikuwa inanitia kinyaa kwa kumgusa na bado ilikuwa inamgusa. Kisha nilimwambia Mwalimu kwamba nimejua. Hakukataa. Alinishika aproni, mwalimu mkuu mzima, akanishika aproni kama mtoto anayeachwa shule. Nikaivua nikamwachia mkononi.

Kitabu chako kiko chooni kwao. Karatasi zake ni laini.

Kaburi nimeonyeshwa na mama mdogo. Ni kichaka, nimekata majani siku mbili. Mama mdogo ameniuliza kwa nini sikuja, nikazidi kukata majani, akaendelea yeye. Anasema mama alikuwa anakwenda kila Jumamosi shuleni, ndipo barua za kijiji zinapofikia, mpaka walimu wakamzoea. Watu walimshauri afunge safari akanione. Alikataa. Alisema, mtoto wangu yuko kwenye nyumba ya watu wanaosoma, akiwa na shida ataandika.

Usije huku. Usiniandikie kwamba umelia. Kulia kwako nakujua, mnalipana huko kazini kwa kulia.

Nataka kitu kimoja na utanipa. Ulikuwa ukisoma jambo mara moja linakushika, nilikuwa nakusikia ukikariri. Barua ile niliiandika mimi lakini mimi siikumbuki, nilikuwa na miaka kumi na minne na woga umenijaa. Niandikie, neno kwa neno. Nitamsomea mama.

Upesi


Tarehe 21 Juni

Upesi,

Nimekaa na karatasi hii siku nne. Nimekwenda kazini nikaomba kapu langu, sisomi tena, Mkata Nyuzi ameniuliza kama naumwa koo nikasema ndiyo. Nimejaribu kuikumbuka nikiwa nashona, nikiwa natembea, nimejaribu hata kuisema kwa ile sauti niliyokuigizia, pengine ije. Yote haikuja. Nakumbuka sehemu tulizocheka tu. Nakuandikia hizo, na sitaongeza neno la kwangu kuziunganisha.

Ulianza hivi: "Mama shikamoo, mimi ni mzima, ni mikono tu ndiyo imepasuka." Hapo Dada alicheka.

Kisha mbele kidogo: "Kuandika nimejifunza kwenye madaftari yaliyokwisha, usimwambie mtu, wataanza kuyachoma." Mama alisema wazo zuri, tukacheka.

Halafu: "Ukija usigonge mlango wa mbele, zunguka nyuma kwenye bomba, mimi nipo hapo muda wote." Mama alisema, angalau adabu anayo.

Halafu hii: "Ukija usiku au mchana usiogope njaa. Kila siku nakuwekea nusu ya chakula changu nyuma ya tangi. Kikiharibika naweka kingine." Hapo ndipo tulipocheka sana. Mama alisema, ndiyo maana panya wamezidi nyumba hii. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka na sikuweza kuendelea, Mama akaichukua mkononi mwangu.

Karatasi ilikuwa imeandikwa pande mbili. Upande wa pili sikuusoma.

Mimi